Kumbukumbu za afya za kielektroniki: zihifadhiwe wapi, na zihakikiwe vipi?

Hospitali inapoamua kuachana na mafaili ya karatasi, swali linaloulizwa kabla ya mengine yote huwa ni hifadhidata gani itumike. Ni swali la haki, ila huulizwa mapema mno. Yapo maswali mawili yanayopaswa kulitangulia, kwa kuwa ndiyo yanayoamua kama kumbukumbu za leo zitasomeka na kuaminika baada ya miaka kumi. La kwanza ni mahali ambapo maana ya kila kipimo itakaa: ndani ya majedwali, ndani ya kamusi ya dhana, au ndani ya vielelezo vilivyoandikwa na matabibu na kuwekwa nje ya programu. La pili ni namna ya kuamua kwamba taarifa iliyoingizwa inakubalika, na hatua ya kuchukua pale isipokubalika. Ili tusipotee katika nadharia, tuchukue kipimo kimoja ambacho hakikosekani katika zahanati yoyote, yaani shinikizo la damu.

Mama mjamzito amefika kliniki, na muuguzi amempima na kupata 150 kwa 95. Kwenye kadi ya karatasi itaandikwa 150/95 na tarehe, basi. Anayeisoma kadi hiyo anayajua mengine bila kuambiwa: namba ya kwanza ni sistoli, ya pili ni diastoli, kizio ni milimita za zebaki, na mama huyu amevuka 140/90, kiwango ambacho mjamzito akikifikia huanza kuchunguzwa dalili za kifafa cha mimba. Kompyuta haijui lolote kati ya hayo mpaka iambiwe, na kila njia ya kuhifadhi huiambia kwa namna yake.

Njia iliyozoeleka ni jedwali la mahudhurio lenye safu moja kwa kila kipimo: safu ya sistoli, ya diastoli, ya uzito, ya joto la mwili. Faida zake si za kudharau. Yeyote aliyesomea hifadhidata atalielewa jedwali hilo, ripoti hutoka haraka, na hifadhidata yenyewe inaweza kukataa maneno mahali panapotakiwa namba. Hata hapo kuna la kuangalia. Kabla ya toleo la 8.0.16 la mwaka 2019, programu ya hifadhidata ya MySQL ilikuwa ikipokea sharti la CHECK, yaani la kukagua thamani inayoingizwa, bila kulalamika na kisha kulipuuza kabisa, kwa hiyo fundi aliyeandika kwamba sistoli lazima izidi sifuri aliweza kukaa miaka akiamini analindwa na sharti ambalo halikufanya kazi hata siku moja. Tatizo zito zaidi, hata hivyo, ni mabadiliko. Wizara ikiongeza kipimo kimoja kwenye kadi ya wajawazito, safu mpya inatakiwa kuongezwa katika jedwali la kila kituo, pamoja na fomu, ripoti na programu zote zinazolisoma jedwali hilo. Baada ya muda jedwali hujaa safu ambazo nyingi ni tupu kwa mgonjwa yeyote utakayemtazama.

Njia ya pili ina historia ya hapa kwetu. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot magharibi mwa Kenya, ulianzishwa mfumo mdogo wa kumbukumbu uliojengwa kwa Microsoft Access, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Mpango wa AMPATH wa Eldoret ulipoanza kuhudumia watu wengi wanaoishi na VVU, mfumo wa aina ile haukutosha tena. Kutokana na mahitaji hayo, Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, pamoja na wenzao wa shirika la Partners In Health, walianza mwaka 2004 kujenga OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ambayo ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006. KenyaEMR na UgandaEMR za leo zimejengwa juu yake.

Kiini cha OpenMRS ni jedwali moja refu ambalo kila mstari wake ni jambo moja lililoonekana: ni la nani, lilionekana lini na wapi, katika hudhurio lipi, linahusu dhana gani, na jibu lake ni nini. Presha ya mama yetu haina safu zake humo. Ina mistari miwili, mmoja wa dhana namba 5085 wenye thamani 150, na mwingine wa dhana namba 5086 wenye thamani 95, kwa kufuata namba za kamusi ya CIEL inayotumiwa sana na watumiaji wa OpenMRS. Kipimo kipya kikija, huongezwa dhana mpya kwenye kamusi, na muundo wa majedwali hauguswi na mtu. Gharama yake ni kwamba hifadhidata yenyewe haiwezi tena kulinda chochote, kwa sababu safu ileile ya namba hupokea uzito, presha, na mapigo ya moyo kwa usawa. Ulinzi wote umehamia kwenye kamusi. Vituo viwili vikijitungia kila kimoja dhana yake ya uzito, mkoa utakuwa na uzito wa aina mbili usioweza kujumlishwa, na kosa hilo halitaonekana mpaka siku ya kuandaa ripoti. Ndiyo maana nashauri kwa nguvu zote kwamba mtu asianze na kamusi yake mwenyewe. Aanze na CIEL, ambayo dhana zake nyingi zimekwisha kuunganishwa na misimbo ya kimataifa ya magonjwa na ya maabara, kisha aongeze pale tu anapokosa.

Wapo wanaochagua kuhifadhi fomu nzima kama ilivyojazwa, katika muundo wa JSON, yaani maandishi yanayotaja jina la kila sehemu na jibu lake, na tangu hifadhidata ya PostgreSQL ilipoleta aina ya jsonb katika toleo la 9.4 la mwaka 2014 jambo hilo limekuwa rahisi. Linafaa kwa kuhifadhi nakala ya kile hasa alichokijaza muuguzi. Likiachwa peke yake, linaahirisha kazi tu: fomu ya mwaka jana iliandika presha kama neno moja, "150/95", ya mwaka huu imeitenga mara mbili, na anayeandaa takwimu ndiye anayebaki kuzipatanisha.

Njia iliyokwenda mbali kuliko zote katika kutenganisha maana na programu ni ya openEHR, ambayo ni kiwango huria cha kumbukumbu za afya. Humo muundo wa hifadhidata ni mdogo na haubadiliki, na ujuzi wa kitabibu huandikwa nje yake katika vielelezo viitwavyo arketaipu. Arketaipu ya presha haitaji sistoli na diastoli peke yake. Inataja pia mkao wa mgonjwa, ukubwa wa mkanda wa kupimia na sehemu ya mwili uliyofungwa, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu kuliko ilivyo kweli. Cha kushangaza kwa anayeiona mara ya kwanza ni kwamba arketaipu hiyo inaruhusu sistoli yoyote kuanzia 0 hadi chini ya 1000. Haikuandikwa kwa uzembe. Arketaipu inakusudiwa kumfaa kila mtumiaji popote alipo, na kubana mipaka kumeachiwa kiolezo ambacho kliniki ya wajawazito au chumba cha upasuaji kitajitengenezea. Mgawanyo huo wa kazi ni wa busara sana, ila unahitaji watu waliofunzwa kuusimamia, na hospitali ya wilaya yenye fundi mmoja wa kompyuta haina budi kujiuliza kama inao.

Halafu kuna FHIR, kiwango cha kubadilishana taarifa za afya ambacho siku hizi hutajwa katika kila zabuni. Ilianza mwaka 2011 kwa kazi ya Grahame Grieve wa Australia, chini ya shirika la HL7 ambalo lenyewe liliundwa mwaka 1987, na lengo lake lilikuwa kubadilishana taarifa kati ya mifumo. Presha ya mama yetu ikitumwa kwa FHIR husafiri kama uchunguzi mmoja wenye msimbo 85354-9 wa LOINC, orodha ya kimataifa ya misimbo ya vipimo, ndani yake mkiwamo 8480-6 kwa sistoli na 8462-4 kwa diastoli, kila kimoja na kizio chake. Kuhifadhi taarifa katika umbo hilohilo inawezekana, na wengi wanafanya. Ila mnunuzi ajue jambo moja: katika FHIR ya msingi, uchunguzi unalazimika kuwa na vitu viwili tu, yaani hali yake na msimbo wake. Kumbukumbu isiyotaja mgonjwa wala thamani ya kipimo hupita uhakiki huo bila tatizo. Masharti yenyewe huwekwa katika profaili, ambayo ni maelezo ya nyongeza yanayosema katika nchi hii, kwa huduma hii, kipi ni lazima na orodha gani ya misimbo itumike. Kwa hiyo muuzaji akisema mfumo wake "unafuata FHIR", hajasema lolote la kupimika mpaka ataje ni profaili ipi.

Uhakiki unaozaa uongo

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo mifumo mingi inapokosea kwa nia njema. Mbunifu anataka taarifa safi, kwa hiyo anaifanya kila sehemu ya fomu kuwa ya lazima. Muuguzi ana foleni inayofika mlangoni, na mzani umeharibika. Fomu haitaki kufungwa bila uzito. Atafanya nini? Ataandika 1, au 99, au atarudia uzito wa mwezi uliopita, na mfumo utaupokea kwa furaha kwa sababu ni namba na iko ndani ya mipaka. Kabla ya sharti lile tulikuwa na nafasi tupu iliyosema ukweli kwamba mama hakupimwa. Sasa tuna namba ya uongo ambayo hakuna wa kuitofautisha na ya kweli, na dozi itakayokokotolewa kwa uzito huo itakuwa na kosa lilelile.

Dawa yake ni kukipa kila kipimo cha lazima njia halali ya kutojibiwa. FHIR ina sehemu maalumu ya kutaja sababu ya thamani kukosekana, na profaili yake ya dalili muhimu za mwili inadai ama thamani ama sababu hiyo. openEHR nayo inatofautisha taarifa isiyojulikana na swali lisilomhusu mgonjwa. Kitufe chenye maneno "hakupimwa: kifaa kibovu" kina faida ya pili, kwamba mwisho wa mwezi mganga mfawidhi ataona ni mara ngapi mzani ulikosekana na kuupeleka kwa mafundi akiwa na ushahidi.

Kosa la pili ni kuchanganya lisilowezekana na lisilo la kawaida. Kamusi ya OpenMRS humpa kila kipimo cha namba nafasi ya mipaka sita: ya kawaida, ya hatari, na ya mwisho kabisa, kila mmoja juu na chini. Mipaka ya mwisho pekee ndiyo inayokataza kuhifadhi. Utaratibu huo ni sahihi, na naomba wabunifu wauheshimu. Sistoli ya 230 si ya kawaida, lakini mgonjwa mwenye sistoli ya 230 yupo, na ndiye anayehitaji kumbukumbu kuliko wote. Mfumo ukimkataa, utamlazimisha muuguzi kuandika 200 ili apite, na mgonjwa mahututi atakuwa amepunguziwa ugonjwa na kompyuta. Thamani ya aina hiyo inafaa kuulizwa mara moja, "una hakika?", na jibu la ndiyo lihifadhiwe pamoja na namba.

Mipaka ya kipimo kimoja, hata hivyo, haioni mambo mengi. Mtoto wa miezi sita mwenye kilo 72 hupita pale mpaka wa uzito unapokuwa umewekwa kwa ajili ya watu wazima, kumbe karani alisahau nukta ya 7.2. Kinachomnasa ni kanuni inayosoma umri na uzito pamoja. Shirika la Afya Duniani, katika viwango vyake vya ukuaji vya mwaka 2006, limetoa vigezo vya kazi hiyo: uzito kwa umri ulio chini ya alama z ya −6 au juu ya +5 (alama z hupima umbali kutoka uzito wa kati wa watoto wa umri huo) huwekewa alama kuwa wa kutiliwa shaka. Kanuni za namna hii, pamoja na ile ya wazi kwamba diastoli haiwezi kuizidi sistoli, hazina mahali pa kukaa katika kamusi ya dhana mojamoja, na zinapaswa kuandikwa kwenye fomu au kwenye seva.

Kuna makosa ambayo hata kanuni hizo haziyaoni. Sukari ya damu ya 25 ni mfano unaonitia hofu kuliko yote. Ikiwa kizio ni milimoli kwa lita, mgonjwa ana sukari ya juu mno na huenda akahitaji insulini. Ikiwa ni miligramu kwa desilita, sukari imeshuka kiasi cha kuhatarisha maisha na anahitaji glukosi upesi. Namba ni moja, dharura ni mbili zilizo kinyume, na zote mbili zinawezekana, kwa hiyo hakuna mpaka utakaozitenganisha. Mashine za kupimia sukari zinazofika katika vituo vyetu huja na vizio vyote viwili. Kinga pekee ni kizio kuandikwa pamoja na namba tangu pale inapoingizwa, na pale mfumo unapotumia kizio kimoja kwa kila dhana kama OpenMRS inavyofanya, fomu imwoneshe muuguzi kizio hicho waziwazi na kumgeuzia namba ikiwa mashine yake ni ya aina nyingine.

Saa nazo zina mtego wake kwa wanaozungumza Kiswahili. Mama anaeleza kwamba chupa ilipasuka saa mbili usiku, na karani anaandika 02:00, ambapo ilitakiwa 20:00. Zote ni saa halali, na zote ni kabla ya sasa. Mtoto ambaye mama yake chupa ilipasuka zaidi ya saa 18 kabla ya kujifungua huangaliwa kwa makini kwa hofu ya maambukizi, na tofauti hiyo ya saa inatosha kumweka upande usio wake. Fomu yenye kuchagua "saa 2" kisha "usiku", na mfumo ukajibadilishia wenyewe, ni kazi ndogo ya programu ambayo sielewi kwa nini hufanywa mara chache hivi.

Utambulisho wa mgonjwa ndio eneo pekee ambalo ukali usio na huruma unafaa. Namba ya mgonjwa ikikosewa, si kipimo kimoja kilichoharibika. Faili zima limekwenda kwa mtu mwingine. Mbinu ya Luhn, inayotumika katika namba za OpenMRS, huongeza tarakimu moja ya ukaguzi mwishoni. Namba 10432 hupata 3 na kuwa 10432-3. Karani akiandika 10342-3 kwa kubadilishana tarakimu mbili, hesabu ingedai 4 mwishoni, na mfumo unakataa papo hapo. Mbinu hiyo hunasa kila kosa la tarakimu moja, na karibu kila mabadilishano ya tarakimu jirani isipokuwa 0 na 9.

Swali la wapi uhakiki ufanyike lina jibu linalotokana na mgonjwa mwenyewe. Kosa linalogunduliwa akiwa bado ameketi kitini linarekebishwa kwa kumpima tena; likigunduliwa jioni, haliwezi kurekebishwa, bali kukisiwa. Kwa hiyo fomu ndiyo sehemu ya kwanza. Seva irudie uhakiki uleule kwa sababu taarifa huja pia kutoka mashine za maabara, mifumo ya zamani, na vishikwambi vilivyofanya kazi siku nzima bila mtandao. Kumbukumbu ya kishikwambi ikikataliwa na seva usiku, isitupwe kamwe. Iwekwe pembeni, yenye jina la aliyeijaza na sababu ya kukataliwa, mpaka mtu aitazame. Na pale ambapo karani anahamisha fomu za karatasi zilizojazwa na mganga, kumlazimisha asahihishe ni kumwomba abuni. Aandike kilichoandikwa, akitie alama ya shaka, na aliyekijaza ndiye aulizwe.

Kipi kichaguliwe

Kliniki moja yenye huduma chache zisizobadilika haikosei ikitumia majedwali ya kawaida, mradi iambatanishe misimbo ya LOINC na ya kimataifa ya magonjwa tangu siku ya kwanza. Mtandao wa vituo vyenye programu nyingi za huduma utafaidika na mfumo wa dhana, na katika Afrika Mashariki OpenMRS ina faida isiyonunulika, yaani mafundi wanaoijua wapo karibu. openEHR naiona inafaa zaidi pale ambapo wizara au hospitali kubwa iko tayari kuwa na kamati ya kudumu ya matabibu wa kusimamia vielelezo. FHIR itahitajika vyovyote iwavyo kwa kubadilishana taarifa, na ni heri kuandika profaili zake mapema kuliko kungoja mfumo ujae.

Uchaguzi wowote ule, masahihisho yasifute. OpenMRS haibadilishi uchunguzi uliokwisha kuhifadhiwa: huubatilisha ikitaja nani, lini na kwa sababu gani, kisha huandika mpya unaokumbuka ule wa zamani. openEHR huhifadhi kila toleo la kumbukumbu, na FHIR ina hali maalumu ya kuonesha kwamba taarifa iliingizwa kimakosa. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 zinampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisahihishwe, na kituo kisichoweza kuonesha taarifa ilikuwaje kabla ya kusahihishwa hakitaweza kueleza kwa nini mgonjwa alitibiwa alivyotibiwa. Kanuni za uhakiki zenyewe nazo hubadilika, kwa hiyo kila kumbukumbu ibebe namba ya toleo la kanuni zilizoikagua. Mpaka wa uzito ukibanwa mwaka huu, kumbukumbu za mwaka jana zilizouvuka zisikataliwe wala kurekebishwa kwa nguvu. Zitiwe alama, ili anayezisoma ajue kwamba zilipita chini ya kanuni nyingine.